Nukta za Penseli

6 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii naiandikia kazini, saa ya chakula, mlango nimeuzuia kwa kiti. Ukiona mwandiko unakimbia, ujue na mwenyewe nilikuwa tayari kukimbia. Binamu yangu mwalimu ameniambia kwamba sasa hata ukiiweka simu kwenye sikio la kulia husikii ila mvumo. Pole sana. Basi turudi kwenye karatasi. Mimi sichukii, karatasi hainikatizi maneno.

Nyumbani hatujambo. Goti la mama limepungua kuvimba, na dalili ya kwamba amepata nafuu ni kuwa ameanza tena kugombana na redio. Hajui kwamba nakuandikia. Ndiyo maana nimekupa anwani ya sanduku la posta la kiwanda, si ya nyumbani. Utanisamehe.

Chiriku amepata kazi. Yule mdogo wangu uliyemwacha hana meno ya mbele sasa ana miaka kumi na tisa na anashona magunia hapa hapa kiwandani, mstari wa nne, cherehani ya thelathini na sita. Nafasi nilimwombea mimi. Siku ya kwanza alirudi na vumbi jeupe kwenye nyusi, akasema, "Kaka, ona, nimezeeka kwa siku moja!" Msimamizi wao ameshamhamisha mara mbili ili asipige soga na jirani, na kila anapohamishiwa anapata jirani mpya.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Wewe umekuwa muuguzi miaka ishirini na saba, nami sina mwingine wa kumwuliza. Kazi yangu kubwa hapa ni kitabu cha ruhusa. Mtu asipofika kazini, naingiza jina lake, siku zake na sababu. Februari ya mwaka jana walioomba ruhusa walikuwa wanne. Februari hii ni kumi na tisa. Na wanaorudi, wanarudi wamepungua. Mmoja nilimwona mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Wanasema ni homa. Labda ni joto. Labda ni mimi tu. Unajua nilivyo: nilipokuwa mdogo, uliponichukua kwenda nami kazini kwako, nilihesabu ngazi za zahanati, na nikikosea nilirudi chini kuanza upya.

Niambie kwamba ni mimi tu, nitatulia.

Mwanao anayekukumbuka,
Kalamu


17 Machi

Kwako Bwana Kalamu,

Marahaba, baba. Masikio yamekwenda lakini macho bado yapo, kwa hiyo niandikie herufi ndogo kadiri upendavyo, ila usiniandikie nusunusu. Binamu yako anakusalimu. Sauti imemkauka kwa kuwapigia kelele watoto wa watu. Mjukuu wangu ameanza kutembea juzi na tayari ameshavunja birika. Ngazi za zahanati zilikuwa kumi na moja. Wewe ulisema kumi na mbili kwa sababu uliihesabu na sakafu.

Wifi yangu akikanda hilo goti kwa kitambaa cha maji ya moto asubuhi na jioni litashuka zaidi. Usimwambie nani kasema. Mwambie umesoma gazetini.

Chiriku kufanya kazi ni jambo jema. Mwambie afunge kitambaa puani.

Haya, nijibu bila "labda". Hiyo homa inaanza ghafla au inapanda kidogokidogo, leo zaidi ya jana? Inawashika kichwa? Tumbo? Wanatetemeka kisha wanatoka jasho na kupoa, au homa inakaa siku zote pale pale? Wanakaa nyumbani siku ngapi? Wamekunywa dawa gani, na nani kawapa?

Na kitabu chako kinasema nini? Umeniambia unaandika jina, siku na sababu. Umenihesabia siku na watu. Sababu umeziruka. Mtoto aliyerudi chini kwa ajili ya ngazi moja haruki kitu bure.

Kwa sasa chemsheni maji ya kunywa, nyote watatu, hata mama yako akisema yamekuwa na ladha ya sufuria.

Shangazi yako, asiyesikia lakini anayeona


29 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mpe pole binamu, na mjukuu mpe hongera ya miguu. Mama amekanda goti. Aliniuliza ni gazeti gani, nikasema la zamani. Maji tunachemsha. Chiriku anasema tunakunywa supu ya sufuria, lakini anakunywa.

Nimewauliza tisa kwa njia ya mazungumzo tu, wakipita dirishani kwangu. Homa inapanda kidogokidogo. Haitetemeshi. Kichwa kinauma tangu mwanzo, mbele hapa. Tumbo linajaa, wengine hawaendi chooni siku nne, kisha linawafungulia. Wanakaa wiki mbili na zaidi. Dawa wamenunua dukani, vidonge vya malaria, na havikuwasaidia.

Uliniuliza sababu. Nimeizungukia barua hii siku tatu kwa ajili ya swali hilo.

Kitabu hakisemi ugonjwa, Shangazi. Kinasema msiba.

Nikueleze ilivyo. Hapa mfanyakazi akiugua zaidi ya siku tatu anatakiwa alete cheti cha daktari, na akizidisha wiki nafasi yake anapewa mmoja wa wale wanaosubiri getini. Wako wengi, wanakuja alfajiri kila siku na viti vyao. Lakini msiba ni siku tano bila cheti, na zinaweza kuongezwa, maana hakuna msimamizi mwenye uso wa kumwambia mtu alete ushahidi wa maiti. Karani mzee niliyempokea alinifundisha hilo wiki yangu ya kwanza. Aliniambia, "Mtu akikujia anaumwa, mwulize nani kafariki." Nilidhani ni mzaha. Sasa wanakuja wenyewe wameshajiandaa. "Niandikie shangazi," wananiambia. "Bibi nilimtumia mwaka jana." Tunacheka. Kuna mmoja ameshamzika babu yake mara tatu, na kila mara nampa pole.

Nilifanya kwa huruma. Naapa ilikuwa huruma.

Ila sikuweza kuandika uongo mtupu, sikuumbwa hivyo. Kila msiba ambao kwa kweli ni ugonjwa, naweka nukta ndogo ya penseli pembeni ya mstari. Hakuna anayezijua. Juzi nilikaa nikazihesabu. Tangu Februari ni thelathini na nane.

Na mwanamke wa mstari wa tatu tuliyemwita Bibi Sindano, kwa sababu aliweza kutia uzi huku ametazama pembeni, amefariki Jumanne. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemwandikia msiba wa mjomba. Alinishukuru.

Nifanye nini? Niseme? Na nikisema, nimwambie nani?

Kalamu


8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hapa sote wazima. Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwa nimesimama.

Sitakugombeza kuhusu kitabu. Wapo watakaokugombeza.

Mimi si daktari na wagonjwa wako sijawaona, lakini kwa uliyoniandikia ningeweka mkono wangu kwamba hiyo ni homa ya matumbo. Si malaria, na vidonge vya dukani vitawapotezea siku tu. Ina dawa yake, nayo ni nzuri, ikianza mapema. Ikichelewa, wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka, na hapo mambo ni mengine.

Haipiti hewani. Inaliwa na kunywewa. Choo cha mtu mmoja kimefika kwenye kinywa cha mwingine, hilo tu ndilo la kutafuta. Kwa hiyo chukua karatasi, chora ukumbi wenu na mistari ya cherehani, uweke nukta zako kila mtu mahali anapokaa. Kisha uliza wanakunywa maji wapi. Usiulize kitu kingine. Fanya leo hii uipatapo barua.

Chiriku asinywe maji ya kazini hata tone. Abebe ya nyumbani, yaliyochemshwa.

Nijibu upesi kuliko ulivyozoea.

Shangazi


22 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sijui kama umenikasirikia. Ni siku ishirini na nne tangu nikuandikie, na sijapata neno. Hukusema kwamba hutanigombeza, ni mimi niliyetaka useme. Kama ni hasira, nistahimilie. Nigombeze, lakini nijibu.

Kuna jambo jingine linaloweza kuwa ndilo. Ufunguo wa sanduku la posta anao tarishi wetu, yule mzee mfupi anayeita kila mtu "mheshimiwa", hata paka wa stoo. Hajaja kazini tangu tarehe tisa. Nilimwandikia msiba wa siku tano, nikaongeza tano. Nukta nimeweka. Ningeweza kwenda kwake kuuchukua huo ufunguo, anakaa mitaa miwili tu kutoka kwetu. Nimefika hadi kona ya nyumba yake mara mbili. Mlango ulikuwa wazi, na ndani nilisikia anavyougulia. Nilirudi. Nimekuambia hili ili ujue unamwandikia mtu wa namna gani.

Wengine wawili wamefariki, wote wa mstari wa tatu. Watu sasa wananong'ona kwamba mstari ule umerogwa, na jana wawili waligoma kuukalia. Msimamizi akawaambia, "Wachawi gani hao wanaotaka magunia?" Watu wakacheka, wakakaa.

Mama hajambo. Chiriku hajambo, ila kichwa tu. Anasema ni vumbi.

Kalamu


28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe salamu fupi.

Ufunguo nimeupata. Mke wa tarishi aliuleta mwenyewe getini Ijumaa, umefungwa kwenye leso. Tarishi amefariki. Alisema mumewe katika siku za mwisho alisumbuka sana kuhusu barua za watu, akawa anawataja waheshimiwa mmoja mmoja. Nilifungua sanduku na barua yako ilikuwa chini kabisa. Ya tarehe nane. Kwa muhuri wa posta yetu imelala pale siku kumi na tatu, na ufunguo wake mitaa miwili kutoka kwetu, kwa sababu mwenye ufunguo mimi nilimwandika kwamba amekwenda kuzika.

Nilichora ukumbi siku ile ile. Sikuhitaji kumaliza. Mistari ni sita. Nukta zote isipokuwa tano ziko kwenye wa tatu na wa nne, na wa tatu na wa nne ndio wanaokunywa kwenye tangi la nyuma, kwa kikombe kimoja cha bati kilichofungwa kwa mnyororo. Mistari mingine ina bomba la mbele. Sisi wa ofisini tuna birika letu.

Nilimwita fundi bomba nikamwambia nataka kuona tangi kwa ajili ya orodha ya mali. Liko nusu chini ya ardhi, ukutani mwa vyoo. Fundi aliinama, akamulika tochi, akapapasa ukuta. Kisha akaniambia, "Karani, huu ufa si wa leo." Bomba la maji machafu linapita kando yake, na udongo katikati umelowa.

Mstari wa nne, Shangazi. Cherehani ya thelathini na sita. Nilimwombea nafasi mimi.

Nilikuwa nikimpa maji ya chupa kila asubuhi tangu uliponiambia tuchemshe. Nimemwuliza. Amesema yakiisha saa nne anakunywa ya tangi kama watu wengine, "au ulitaka nimeze mate, Kaka?" Hakuna aliyemwambia asinywe. Barua ya kumwambia ilikuwa kwenye sanduku.

Anaumwa siku ya tisa leo. Niliposema twende hospitali alinishika mkono, wa kwake una moto. "Wakiniandika kule, cheti kitakuja huku, na nafasi imekwenda. Niandikie msiba."

"Wa nani?"

"Yeyote. Muue mjomba."

"Mjomba nimeshamwua kwa watu wanne."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Nami nikaandika, Shangazi. Nimerudi ofisini nikaandika msiba wa mjomba, nikaweka nukta. Mama amemwambia apumzike tu, ni uchovu. Mama akisikia neno hospitali anatoka chumbani.

Jana nilikwenda kwa meneja. Alinisikiliza vizuri huku anamenya chungwa.

"Wagonjwa wangapi?"

"Hamsini na saba."

"Lete kitabu."

Nikaleta. Akafuta vidole, akasoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa: "Msiba. Msiba. Msiba wa bibi. Msiba wa mjomba. Msiba. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Na sahihi chini ya kila ukurasa?"

"Yangu, bwana."

"Basi kiwandani kwangu hakuna mgonjwa hata mmoja tangu mwaka uanze. Wewe mwenyewe umenihakikishia mara sitini na tatu. Ukienda kusema vingine huko nje, watakuuliza tu ulikuwa unadanganya lini, wakati ule au sasa." Nukta hakuziona. Nimezoea kuziweka ndogo. Kisha akakata kipande cha chungwa akanipa. Nilikipokea, Shangazi. Hilo linanitesa kuliko yote. Nilikipokea na nikasema ahsante.

Kwenda nje maana yake ni ofisi ya afya ya mji. Nikipeleka nukta, wote hamsini na saba watajulikana waliugua, na wasiokufa watapoteza nafasi. Chiriku pamoja nao. Mimi pia, lakini mimi nimeacha kujihesabu.

Nimekuuliza waziwazi niseme au nisiseme. Mara zote mbili ulizojibu umeniambia habari za maji. Wewe si mtu wa kuruka kitu. Kwa nini umeruka?

Kalamu


2 Mei

Mwanangu,

Barua hii nampa dereva wa basi la usiku mkononi. Binamu yako amemlipa na kumtisha.

Kwanza Chiriku. Usimalize kusoma. Mpeleke hospitali sasa hivi, umbebe ikibidi. Mwambie daktari homa ya matumbo, mwambie siku ngapi. Ukimkuta tumbo limekuwa gumu kama ubao, usikubali kuambiwa msubiri foleni, piga kelele. Ukirudi, endelea.

Umeniuliza kwa nini nimeruka. Mama yako husema baba yako "alichukuliwa". Hasemi alikufa, umewahi kusikia akisema? Nilimchukulisha mimi.

Ulikuwa na miaka mitano. Kipindupindu kilikuwa kimeanza upande wa sokoni. Jioni moja kaka yangu alikuja mlango wa nyuma wa zahanati, nikiwa zamu, macho yameingia ndani. Akaniambia, "Dada, nipe dawa kimyakimya. Usiniandike." Amri ilikuwa kila mmoja aandikwe. Nilimwandika. Gari likaja, wakampeleka kwenye shule iliyofungwa, wakaizungushia kamba. Wifi yangu alisimama kwenye kamba ile siku tatu, wewe umemshika gauni, Chiriku yuko tumboni. Hakuruhusiwa kuvuka. Mimi niliruhusiwa, nilikuwa na sare. Alikufa siku ya tatu alfajiri, akazikwa na watu waliovaa glavu, na hadi leo hatujui shimo ni lipi.

Mtaani kwenu hakuugua mtu mwingine. Wale wa mtaa wa pili, ambao walimficha mgonjwa wao wa kwanza, walizika kumi na saba. Hilo sijawahi kumwambia mama yako. Ningemwambiaje? Kwamba mumewe alitufaa?

Ndiyo maana nilikuandikia habari za maji. Kuchemsha maji hakumchukizi mtu. Niliogopa ukisema, utakuwa kama mimi: umefanya lililo sawa, na huna mlango wa kugonga. Kwa woga huo nimekupotezea mwezi mzima, na sanduku la posta limekupotezea siku kumi na tatu tu. Uliweke hilo kwenye hesabu zako, wewe unayependa hesabu.

Nenda. Chukua kitabu na nukta. Waambie ulidanganya, uwaambie na kwa nini. Ningeambiwa nirudie jioni ile ningemwandika tena.

Shangazi


19 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilipoandika salamu na kufika mahali pa kusema nyumbani hatujambo, kalamu ilisimama.

Dereva alinipa barua yako tarehe tatu asubuhi, mlangoni, akasema hataki hata kumpelekea salamu zangu yule mwalimu. Nilisoma mistari ya kwanza, nikaiweka mfukoni. Tumbo la Chiriku lilikuwa bado laini. Mama alisimama mlangoni na mikono ameipanua hivi, akasema, "Humchukui." Nilimwambia, "Mama, twende wote. Hapana kamba safari hii." Sikujua kamba ni nini, nilikuwa nimetupa macho tu kwenye barua yako nikaliona neno hilo. Alishusha mikono. Kisha akaenda kuvaa viatu.

Hospitali walimpokea, wakamtundikia dripu, wakatuambia dawa imeanza kuchelewa lakini imeanza. Mama aliachiwa kukaa naye. Nikatoka pale nikaenda ofisi ya afya na kitabu nimekifunga kwenye gunia letu wenyewe.

Afisa wa afya ni mwanamke, umri wake haunizidi sana. Alifungua, akapitisha kidole pembeni mwa mistari, akaniuliza, "Hizi nukta ni nini?" Miezi yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimwambia yote, na mchoro wa ukumbi nikampa, na kwa nini, kama ulivyosema. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuja Machi?" na akasubiri jibu kalamu imeshikwa juu ya karatasi. Mwisho akaacha nafasi wazi pale, akaendelea na swali jingine.

Kesho yake walifunga kiwanda. Tangi walilikausha mbele ya watu. Sitakuandikia kilichokuwa chini. Walipita nyumba kwa nyumba kwa kufuata nukta, na wamewakuta kumi na wanne ambao walikuwa wamelala bila dawa, na tisa ambao hawakuwa hata kwenye kitabu changu, wake na watoto. Wanatibiwa. Afisa anasema wengi wao watapona. Nakuandikia hili kwa sababu nadhani utataka kulijua, kama ulivyojua wewe habari za mtaa wetu.

Watu hawanisalimu. Mume wa mmoja wa mstari wa tatu alinisimamisha getini mbele ya tangazo la kufungwa, akasema, "Karani, wewe ndiye uliyetuandika na wewe ndiye uliyetufuta."  Meneja ametoa taarifa kwamba alidanganywa na ofisi yake mwenyewe, nayo ni kweli.

Chiriku tumbo lilikuwa gumu tarehe tisa jioni. Walimpasua usiku ule ule. Asubuhi aliamka, akamwambia mama kwamba muuguzi wa zamu anatembea kama bata, akaniuliza kama nafasi yake bado ipo. Nilisema ipo. Akasema, "Mjomba je, wamemzika vizuri?" Alfajiri ya tarehe kumi na moja akafariki.

Mama hakulia pale. Alikuwa ameushika mkono wake usiku kucha na hakuuachia hadi walipomwomba. Tulipofika nyumbani akaniuliza hiyo karatasi inayotokeza mfukoni ni ya nani, nikampa, nikatoka nje. Niliporudi alikuwa ameikunja vizuri kuliko ilivyokuwa. Akasema, "Huyu hakuchukuliwa. Huyu nilimshika." Kisha, akiwa amenipa mgongo: "Mwambie wifi aje. Aje kabla sijabadili mawazo." Basi njoo, Shangazi. Kitanda kipo.

Jana afisa aliniita. Anataka kitabu kikamilishwe hadi leo, siku kwa siku, ili wakinakili. Kiwanda kikifungwa, walinzi, mafundi na karani huhesabiwa kazini, kwa hiyo hata nami nilikuwa na siku za kueleza: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kwanza nilipekua nyuma hadi mwisho wa Aprili, kwenye jina la Chiriku na ule msiba wa mjomba, nukta yake pembeni. Mjomba hatujawahi kuwa naye, mama alizaliwa peke yake. Nikarudi mbele nikajaza mistari ya walinzi, kisha wa fundi bomba, kisha nikaandika jina langu, siku tatu, na kwenye safu ya sababu nikaandika msiba.

Afisa alikuwa amesimama nyuma yangu. Penseli ilikuwa mezani, na mkono ukaifuata kwa mazoea.

Nukta sikuweka.

Mwanao,
Kalamu